Daftari la Gaju

Ukimwuliza Semahoro baba yake alikuwa na ng'ombe wangapi kule milimani Kivu Kusini, atakujibu kwamba walitosha kulijaza bonde jioni. Idadi hatakupa. Kwao ng'ombe hawakuhesabiwa. Mchungaji alisimama mlangoni mwa zizi akiwaangalia wakiingia, na kama mmoja hayupo alimjua ni yupi, kama mama anavyojua ni mtoto yupi hajaja kula. Walijulikana kwa rangi na kwa majina: Bihogo mwekundu wa kuiva, Sine aliyekaribia weusi, Kibamba mwenye mabaka meupe. Na Gaju, ambaye ngozi yake ilikuwa kama chai ya maziwa. Huyo ndiye aliyemlea Emery, mtoto wa kwanza wa Semahoro, mwaka ambao maziwa ya mama yake yalikatika.

Ng'ombe hao walibaki huko mwaka 1996 vita vilipofika. Semahoro aliingia kambi ya Nakivale, upande wa Uganda, na mke wake Marthe, Emery wa miaka sita, na fimbo ya kuchungia. Fimbo aliisimamisha pembeni mwa mlango, na ikakaa hapo miaka mingi bila cha kuchunga. Jioni, Marthe akipepea moto, Semahoro alimwambia Emery majina ya ng'ombe mmoja mmoja, na mtoto akayarudia mpaka usingizi ukamchukua katikati ya zizi.

Hayo majina yalikuja kupata kazi mwaka 2010.

Mwaka huo shirika moja dogo lilifungua kituo kambini kwa ajili ya watu walioshindwa kuacha vidonge vya maumivu, vile vikali ambavyo mtu hupewa akivunjika mfupa au akipasuliwa. Kambini watu wa namna hiyo walikuwa wengi kuliko ilivyosemwa. Mwingine alikuwa na risasi ya zamani mgongoni, mwingine alijifungua kwa kisu, na maumivu yalipoondoka, hamu ya kidonge ilibaki. Kituoni mgonjwa alianza na vidonge vinane kwa siku. Kila baada ya wiki nne kimoja kilipunguzwa, hadi visibaki. Na kila asubuhi alipewa kikombe cha maziwa, kwa hiyo watu wakapaita Nyumba ya Maziwa.

Fedha zilikuwa ruzuku ya serikali, na serikali ilitaka daftari la wagonjwa. Kazi hiyo alipewa Semahoro. Alikuwa amejifundisha kusoma mwenyewe, kwa Biblia na kwa maandishi ya maboksi ya dawa, na mwandiko wake ulikuwa wa polepole, kila herufi imesimama peke yake. Muuguzi, Mukamurenzi, mwanamke mwenye sauti kubwa na mikono myepesi, ndiye aliyetunza vidonge.

Siku ya kwanza hakuna aliyekubali kuandikwa.

"Mukiandika jina yangu, mchungaji wa kanisa atalisoma," alisema mmoja.

"Mchungaji si kitu," mwingine akamjibu. "Batu ba Amerika, benye kutuchagua twende kwao, je? Ukionekana mu kitabu ya dawa, Amerika utaisikia ku redio tu."

Semahoro alifikiri siku mbili. Siku ya tatu alifungua daftari akaandika mstari wa kwanza: Bihogo. Wa pili: Sine. Kila mgonjwa alimpa jina la ng'ombe wa baba yake, na jina la kweli akalibakiza kichwani mwake tu. Hata Mukamurenzi hakuambiwa. Alimwahidi kila mmoja, kwa sauti yake ya chini, kwamba jina hilo atazikwa nalo.

Na kwa kuwa alijua njia moja tu ya kutunza zizi, aliifuata hiyo. Mgonjwa akimaliza vidonge, aliandika: *amerudi malishoni*. Mgonjwa akifa, aliandika kwamba amekufa, kisha jina lake akampa mgonjwa mpya, maana katika zizi la baba yake ng'ombe akifa jina lilirithiwa na ndama wake. Bihogo hakuisha kamwe. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angeona kosa hapo.

Aliyeliona alifika Novemba 2012, katika gari jeupe lenye vumbi hadi madirishani. Aliitwa Mbabazi, mkaguzi wa ruzuku kutoka Kampala, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikaa na daftari tangu asubuhi bila kugusa soda aliyowekewa. Saa saba mchana aliwaita Semahoro na Mukamurenzi.

"Mzee, nisaidie hapa," alisema, kwa Kiswahili alichokipata kwa baba yake aliyekuwa askari. "Tarehe tisa mwezi wa tatu, Bihogo amekufa. Sawa. Mungu amrehemu. Tarehe kumi na mbili, Bihogo amekunywa vidonge nane na maziwa. Alifufuka?"

Mukamurenzi aliziba mdomo asicheke. Semahoro alieleza taratibu, toka zizi la baba yake hadi ndama. Mbabazi alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Mimi ni mtu wa Kaberebere, si mbali na hapa," alisema. "Bihogo namjua, Gaju namjua. Tulikuwa nao nyumbani. Lakini, sebo, mzee wangu, nikaandike Kampala kwamba serikali ilitibu ng'ombe?"

"Ni batu," Semahoro alisema.

"Wako wangapi?"

"Hatubahesabu. Niangalie asubuhi, nikwambie kama bote balifika."

Mbabazi alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mwaka huu nimefunga miradi mitatu. Mmoja ulikuwa na wagonjwa mia mbili kwa karatasi. Nikaenda kuwaona, nikakuta mama anauza nyanya. Nipe majina ya kweli, au nioneshe watu. Kama hapana, ruzuku inasimama wiki hii. Sina njia nyingine."

Wote watatu walijua maana yake. Ruzuku ikisimama, wagonjwa waliofika kidonge cha tatu au cha pili wangerudi kwa wauzaji wa sokoni, na kuanzia vinane tena, au zaidi.

"Majina hapana," Semahoro alisema. Halafu akaongeza: "Kuko mukeka. Tutaufunga mbele yako, usifike chini. Balete miguu. Sura utawaachia bo benyewe."

Mukamurenzi alimtazama kama mtu aliyepungukiwa na akili. Lakini Mbabazi alikuwa ameshavaa miwani tena.

"Miguu," alisema. "Marehemu baba yangu alimjua ng'ombe kwa kwato. Sawa. Asubuhi mbili. Asubuhi ya kwanza naandika, ya pili nahakikisha. Na wawe wote, mzee. Wote waliomo humu."

Mchana huo Semahoro alipita nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa. Wawili walimfokea kwanza, kisha wakakubali. Mama mmoja mzee aliyekuwa akichambua maharage aliinyoosha miguu yake akaitazama.

"Aione," alisema. "Ilitoka kwetu Fizi kwa kutembea, haina haya tena. Umuambie tu asiniulize rangi ya kucha."

Semahoro alicheka pamoja naye, akaaga. Lakini njia nzima ya kurudi alikuwa akifikiri juu ya jina moja, ambalo hakuwa na nyumba ya kwenda kuliombea ruhusa.

Gaju alikuwa Emery.

Emery alipokuwa kijana aliichoka kambi, akaenda Mbarara kuendesha boda boda katika mtaa wa Kakoba. Mwisho wa 2011 alianguka na pikipiki akavunjika paja. Paja lilipona, vidonge vikabaki. Aprili 2012 alimwambia baba yake, macho yakiwa chini, na Semahoro hakumwuliza kwa nini. Alirudi kambini, akafungua daftari, akaandika jina la ng'ombe aliyemnyonyesha. Mukamurenzi aliambiwa tu kwamba Gaju anakaa Mbarara na Semahoro atampelekea dawa ya wiki kila Ijumaa.

Zilikuwa Ijumaa nzuri. Hilo Semahoro hawezi kulikana hata leo. Alipanda basi na pakiti mfukoni na chupa ya maziwa kapuni. Emery alimngoja kwenye ukuta mfupi ng'ambo ya steji, pale boda zilipongojea abiria, mguu mmoja umenyooka. Wenzake walipiga kelele: "Emery, mzee wako ameleta maziwa, njoo unyonye!" Naye alikunywa mbele yao wote, akajipangusa midomo kwa nyuma ya mkono, akasema, "Nyinyi mulinyonya nini? Petroli?" Kisha baba na mwana walikaa. Wakati mwingine Emery alisema, "Hebu, nani alikuwa anatangulia mutoni?" Semahoro akamjibu, na majina yakaanza tena, hapo katikati ya honi na moshi. Walishuka kutoka vinane hadi saba, hadi sita, hadi vitano.

Alhamisi ya tarehe mbili Agosti, alfajiri, lori lilimgonga Emery kwenye barabara ya kutoka mjini. Semahoro alijiuliza kama vidonge vilimpa usingizi. Alijiuliza pia kama vilipungua haraka mno. Taratibu aliacha kuuliza. Walimzika Nakivale. Kambi nzima ilikuja, Mukamurenzi naye alikuja akalia, na hakuna aliyejua kwamba wamemzika Gaju.

Ijumaa ile, siku moja baada ya ajali, ilikuwa siku ya Gaju kushuka hadi vinne. Semahoro alipofika kituoni kuomba ruhusa ya msiba, pakiti ilikuwa mezani, imefungwa, imeandikwa jina. Aliichukua. Akachukua kalamu kuandika kwamba amekufa, na mkono ukaandika alama ya kupokea dawa.

Ijumaa iliyofuata alipanda basi. Akakaa ukutani hadi saa tisa, akarudi. Pakiti akaitia ndani ya kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda. Na hivyo kila wiki. Katika daftari Gaju alishuka hadi vitatu, hadi viwili. Mkaguzi alipokuja, Gaju alikuwa amefika kidonge kimoja kwa siku. Zilibaki wiki mbili tu.

Asubuhi ya Jumatano mkeka ulifungwa. Mbabazi alikaa nyuma yake kwenye kiti cha plastiki, karatasi magotini. Semahoro alisimama kando ya sufuria la maziwa akaita kwa sauti ile ile ya jioni za zamani.

"Bihogo."

Ikaja miguu myembamba yenye ndara za bluu. Mbabazi akaandika.

"Sine."

Miguu mipana, kidole kimoja hakipo.

"Kibamba."

"Kibamba anachelewa, anatafuta viatu bya heshima!" mtu alisema kwenye mstari, na wote wakacheka, hata mkeka ukatikisika kwa kicheko cha aliyekuwa nyuma yake. Mama wa maharage alipopita alisimama akageuza unyayo mmoja juu kidogo, makusudi kabisa. Walipita wote. Semahoro aliangalia mstari ukiisha akajua, bila kuhesabu, kwamba zizi limejaa isipokuwa mmoja.

"Amebaki Gaju," Mbabazi alisema.

Semahoro aliliinamia sufuria, akaanza kukoroga maziwa.

"Gaju anaishi Mbarara," Mukamurenzi akasema kwa haraka, akitaka kusaidia. "Muzee anamupelekea kila Ijumaa. Hajawahi kukosa hata moja."

"Si tatizo. Gari iko," Mbabazi alisema, akisimama. "Twende Mbarara tukaone miguu ya Gaju."

Semahoro angeweza kusema Gaju amesafiri. Angeweza kusema amekwenda Kampala, na mkaguzi angeandika hivyo, labda. Aliyafikiria yote mawili kwa utaratibu, kama alivyofikiria kila kitu. Akaomba wapite kwanza nyumbani kwake. Aliinama chini ya kitanda, akatoka na kopo. Marthe alikuwa mlangoni.

"Unalipeleka wapi?" aliuliza.

"Kakoba."

Marthe alilitazama kopo, kisha akamtazama yeye. Alikuwa akifagia chini ya kitanda kile kila siku. "Enda," alisema. "Imetosha sasa."

Njiani Mbabazi alizungumza juu ya mvua na bei ya ndizi. Semahoro aliitikia, kopo magotini. Walipofika steji ya Kakoba, vijana wa boda walimtambua kabla gari halijasimama.

"Mzee wa Ijumaa! Leo ni Jumatano, umepotea siku?"

"Amepata gari, hamuoni? Mzee, umeoa tajiri?"

Mmoja wao, mkubwa kidogo, aliwanyamazisha kwa mkono. Akaja dirishani. "Mzee, shikamoo. Huyu ndugu umemleta aone pahali Emery alikuwa anakaa?"

Mbabazi alimgeukia Semahoro. Semahoro alishuka, akavuka barabara, akaketi ukutani mahali pake pa kila wiki. Mkaguzi alimfuata akabaki amesimama.

"Gaju hana miguu," Semahoro alisema. "Alikuwa mutoto wangu. Tulimuzika mwezi wa nane. Bengine bote ni ba kweli, umebaona. Huyu mumoja ni bongo yangu, nilidanganya mimi, na Mukamurenzi hakujua."

Akafungua kopo. Pakiti zilikuwa zimepangwa kwa tarehe, hakuna iliyofunguliwa. Mbabazi aliketi naye. Alizihesabu juu ya leso yake, pakiti kwa pakiti, midomo ikicheza bila sauti, huku vijana wa boda wakitazama kwa mbali bila utani. Vidonge mia mbili sitini na sita. Akalinganisha na daftari. Akarudia mara ya pili.

"Hakuna kilichopotea," alisema. "Hata kimoja. Kama ungeuza, ningeelewa haraka. Kwa nini, sebo?"

"Nilitaka amalize," Semahoro alisema. "Alikuwa anashuka muzuri. Nikaona, kama mu kitabu atafika mwisho, nitaandika amerudi malishoni. Na nitaacha."

Pikipiki zilipita. Mbabazi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

"Nyumbani tulikuwa na Gaju," alisema mwishowe. "Alipokufa baba yangu alikataa kula siku mbili. Kwa ng'ombe tu." Akalifungua daftari kwenye ukurasa wa Gaju, akaliweka magotini mwa Semahoro, na kalamu juu yake. "Lakini hiki ni kitabu cha serikali, mzee. Serikali haiwezi kumponya mtu aliyekufa. Andika ilivyokuwa."

Semahoro aliandika polepole, kila herufi imesimama peke yake. *Gaju amekufa, tarehe 2 Agosti 2012.* Mbabazi aliangalia upande wa barabara mpaka alipomaliza.

Asubuhi ya pili miguu ilipita tena, na ilikuwa ile ile. Mbabazi aliandika aliyoyaona yote, bila kuficha la Gaju. Ruzuku iliendelea, kwa sharti kwamba kila mgonjwa apewe namba isiyorithiwa, na daftari litoke mikononi mwa Semahoro. Mukamurenzi, aliyelipokea, hakuongea naye wiki nzima. "Ulikuwa unanifungisha mimi pakiti ya marehemu!" alimwambia siku hasira ilipomtoka, kisha akamkabidhi upawa wa maziwa. "Shika hii. Hii haina kitabu."

Mwaka 2015 macho ya Semahoro yalianza kuingia ukungu, wakampeleka hospitali ya macho ya Ruharo, Mbarara, kutibiwa. Alipotoka, jicho moja limefunikwa, alimwomba dereva apitie Kakoba. Ukuta ulikuwa umebomolewa kupisha duka la simu. Vijana wa steji walikuwa wapya wote. Alisimama kidogo, akaona kwamba anakumbuka vizuri zaidi bila ukuta, akaondoka.

Kesho yake alirudi kwenye sufuria lake. Wagonjwa walikuwa na namba sasa, lakini mtindo haukufa. Kila mgeni, akishapewa namba na Mukamurenzi, alijongea kwenye maziwa na kuuliza kwa siri anaitwa nani. Semahoro aliwagawia waliobaki wa zizi la baba yake, wote isipokuwa mmoja.

Asubuhi hiyo alikuja msichana mwenye mkono uliofungwa, mkali wa macho.

"Banasema ni weye unatoa majina," alisema.

Semahoro alimwangalia kwa jicho lake moja. Msichana alikuwa na rangi ya chai yenye maziwa mengi.

"Gaju," alisema.

"Gaju ni nani?"

"Ng'ombe. Alikuwa na maziwa mingi kupita bote."

Msichana alifikiri, kama anayejaribu nguo dukani. Kisha akasukuma kikombe mbele.

"Basi jaza," alisema. "Hiki ulichotia ni ya ndama."

Semahoro akacheka hadi jicho lililofunikwa likauma, akajaza.